Ukulele: Ala ndogo inayompima seremala wa ridhaa

SEREMALA wa ridhaa aliyekwisha kuunda meza na kabati huenda akaidharau ukulele anapoiona mara ya kwanza: ala ya nyuzi nne tu, inayobebeka kwapani kama kitabu. Lakini kiti kilichopinda kidogo hukalika. Ukulele iliyokosewa kwa milimita mbili hutoa sauti za kuudhi daima.

Hata walioiunda kwanza katika visiwa vya Hawaii walikuwa maseremala wa samani. Manuel Nunes, Augusto Dias na Jose do Espirito Santo walitoka kisiwa cha Madeira, Ureno, wakafika Honolulu mnamo Agosti 1879 kwa merikebu iliyoitwa Ravenscrag. Kutokana na machete, gitaa dogo la kwao, ikazaliwa ala iliyopendwa na Mfalme Kalakaua mwenyewe. Jina lake hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye.

Mbao inayosifika zaidi ni ya koa, mti wa Hawaii wa jamii moja na migunga. Siku hizi ni ghali, kwa kuwa ukataji na malisho ya ng'ombe viliipunguza misitu yake. Anayejifunza hapotezi kitu akitumia mkangazi, mradi uwe umekauka barabara na mistari yake imenyooka.

Ubao wa uso hupunguzwa kwa randa na msasa hadi unene wa milimita mbili hivi. Hapa ndipo wengi huogopa na kuacha mapema. Uso mnene hauwezi kutikiswa na nyuzi za nailoni, na sauti hufia ndani ya kisanduku. Ukiwa mwembamba kupita kiasi nao hubonyea. Vijiti vyepesi hubandikwa upande wa ndani kuusaidia.

Mbavu za ala hukunjwa kwa joto. Ubao mwembamba hulowanishwa, kisha hukandamizwa polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kiasi cha tone la maji kurukaruka juu yake. Mbao hulegea yenyewe, anayeilazimisha huivunja. Ni busara kukata vipande vya akiba.

Kazi isiyosamehe ni ile ya kupanga vyuma vinavyokingama shingoni. Urefu wa uzi, tuseme milimita 345, hugawanywa kwa 17.817. Jibu, milimita 19.4, ndilo umbali wa chuma cha kwanza. Urefu uliobaki hugawanywa tena vivyo hivyo, hadi chuma cha 12 kinapoangukia katikati kabisa ya uzi. Hesabu ikiisha, kila alama ipimwe kutoka mwanzo wa shingo. Anayepima kutoka chuma hadi chuma hurundika makosa madogo mpaka yakawa kosa kubwa.

Kuna mtego mwingine. Uzi unapobonyezwa hukazika na sauti yake kupanda. Kwa sababu hiyo daraja linaloshika nyuzi husogezwa nyuma kwa milimita mbili hivi kupita pale hesabu inapoonyesha.

Gundi ikishakauka, nyuzi hufungwa. Nailoni mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, hivyo mwenye ala atalazimika kuzikaza mara kwa mara kabla hazijatulia.