Kabla ya Kufupisha Wenzo wa Gia

Kati ya Salama na Mtito Andei, barabara ya Mombasa humfanyisha dereva kazi nyingi ya mkono wa kushoto. Unakwenda mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria kwa gari dogo, mara mbele yako lori la kontena linajikokota mlimani. Unashuka gia ya tatu, unalipita, unapanda ya nne, ya tano, na kabla hujatulia umefika Emali au Makindu, ambako mwendo ni 50 na watu wanavuka. Mwenye gari la otomatiki hayajui haya. Mwenye Subaru Impreza ya gia za mkono huyajua yote, na ndiye huniuliza: gia zangu zinaingia kwa shida, wenzo unayumba kama haujafungwa, nifanyeje?

Kwa kawaida huwa ameshapewa jibu na rafiki: nunua wenzo mfupi, ule unaopunguza safari ya mkono kutoka gia moja hadi nyingine. Anachotaka kwangu ni jina la aina ya kununua tu. Mimi humwambia asubiri. Wenzo mfupi ni kitu kizuri kwenye gari zima. Kwenye gari lililochoka huongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Naitaja Impreza kwa sababu ndilo gari la spoti la gia za mkono ambalo fundi wa Wote au wa Kitui mjini ana uwezekano mkubwa wa kuletewa. Patrick Njiru aliendesha Subaru kwenye Safari Rally miaka ya 1990, Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000, na vijana wa wakati huo ndio wenye pesa leo. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo zile Impreza za turbo za zamani zilizopo ndizo hizo hizo, zinapita mkono hadi mkono, na mara nyingi bushi zake za gia hazijawahi kubadilishwa tangu Japani.

Kwenye Impreza, giaboksi imelala nyuma ya injini, na wenzo umekaa nyuma zaidi, kwa hiyo mkono wako haugusi giaboksi moja kwa moja. Fimbo ya kwanza hutoka chini ya wenzo kwenda mbele. Hiyo husukumwa, huvutwa na kuzungushwa ili kuchagua gia. Fimbo ya pili haichagui kitu. Kazi yake ni kushikilia kitako cha wenzo kwenye giaboksi, ili injini ikitikisika, wenzo utikisike pamoja nayo badala ya kuvutana. Kila fimbo inapoungana na kitu kingine pana bushi, nyingine ya raba, nyingine ya plastiki. Probox na Corolla, ambazo injini zake zimekaa upande kwa upande, hutumia kebo mbili badala ya fimbo. Mazda MX-5 haina fimbo wala kebo: wenzo wake unaingia ndani ya giaboksi yenyewe, na sifa ya gia zake tamu inatokana kwa sehemu kubwa na jambo hilo moja.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Zima injini, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini, kanyaga klachi hadi chini, urudie. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikagoma ikiwa inanguruma, acha wenzo kabisa, klachi haiachii. Uthibitishe hivi: injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga klachi, hesabu sekunde tatu, ingiza gia ya nyuma. Ikikwaruza, ujue kuna kitu bado kinazunguka ambacho kilipaswa kuwa kimesimama.

Hapo tazama mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, na ambayo watu hubadilisha kwenye breki wakayasahau kwenye klachi. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa kinashuka hadi 155. Kwenye Impreza ya turbo, silinda ndogo ya klachi imekaa juu ya giaboksi, imejificha chini ya intakula, jirani na joto la turbo. Ongeza foleni ya malori saa nane mchana pale Mtito Andei, na utaelewa kwa nini pedali huanza kuwa laini na gia kugoma safari ikiwa nusu. Toa mafuta ya zamani, tia mapya, toa hewa. Bomba la raba likiwa limezeeka huvimba unapokanyaga, na sehemu ya nguvu ya mguu wako hupotelea humo, libadilishe pia.

Gia zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, au wenzo ukiyumba, sasa ingia chini ya gari. Ingiza gia ya tatu, mtu mmoja autikise wenzo kwa vidole viwili, wa pili atazame fimbo kwa tochi. Ataona ni wapi wenzo unasogea na fimbo haisogei. Mara nyingi si mahali pamoja. Ni milimita moja hapa, nusu pale, na kichwa cha gia kinayajumlisha yote.

Huku kwetu uchakavu huo una sababu mbili. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo sasa ni lami, lakini ukikata kwenda nyumbani unaingia kwenye vumbi jekundu, na vumbi hilo likichanganyika na grisi huwa msasa unaokula bushi za plastiki. Sababu ya pili ni joto. Bonde la Athi, linalotenganisha kaunti za Makueni na Kitui, lina jua kali, na mabomba ya ekzosi yanapita karibu na fimbo hizo. Raba hukauka, hupasuka, kisha huwa kama haipo. Anza kwa kuosha, kisha badilisha bushi zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja tu, utarudi chini ya gari baada ya muda mfupi kwa ile ya pili.

Mabishano huwa juu ya aina ya bushi. Za poliyurethani ni ngumu kuliko raba, hufanya gia ihisike wazi, na kwa viungo vidogo vya fimbo ya gia nazikubali bila kusita, mradi zipakwe grisi ya silikoni. Fundi wa lethi wa jua kali anaweza pia kukuchongea bushi ya nailoni, na akiwa na mkono mzuri itafanya kazi. Nasimama kwenye bushi ya nyuma, ile inayobeba kitako cha wenzo kwenye bodi. Hiyo imewekwa raba ili imeze mtetemo wa injini. Ukiweka ngumu mno, utasikia giaboksi ikiimba kutoka Kibwezi hadi Mutomo, na abiria wako atakuuliza ni nini kinachovunjika. Kwa gari la barabarani, raba mpya hapo inatosha. Kagua pia mauntingi ya giaboksi na kile kiungo kifupi kinachozuia injini isiyumbe juu. Vikiwa vimechoka, kila ukikanyaga mafuta giaboksi nzima inasogea na kuukimbia mkono wako.

Sasa tuje kwenye wenzo mfupi, kwa hesabu. Chukua wenzo wenye milimita 200 juu ya egemeo na 40 chini yake. Uwiano ni 5: ncha ya chini ikisogea milimita 12, kichwa kinasogea 60. Wenzo mfupi hubadilisha uwiano huo, tuseme uwe 3.5, na safari inakuwa milimita 42. Imepungua kwa asilimia 30, mkono umefurahi. Lakini nguvu nayo imebadilika kwa uwiano huo huo. Fimbo inayohitaji msukumo wa niutoni 120 ilikuwa inaudai mkono 24. Sasa inaudai zaidi ya 34, nyongeza ya asilimia 43. Na ule mlegeo je? Kama viungo vilikuwa na milimita 2 za kupotea huko chini, kichwani zilikuwa 10 kati ya 60. Sasa ni 7 kati ya 42. Zote ni sehemu moja ya sita. Umelipa pesa, umepata gia nzito zaidi, na ulegevu wako uko pale pale.

Mwenye bushi mpya akitaka wenzo mfupi baada ya hapo, sina neno. Springi za kurudisha wenzo katikati, zikiwa ngumu kiasi, pia husaidia mkono kuijua njia ya tatu na ya nne bila kutazama. Kichwa kizito cha chuma hulainisha mwendo kwa uzito wake, jambo la kweli kabisa, ila ukikiacha juani Wote saa sita mchana utahitaji kitambaa cha kukishikia.

Kuhusu oili, kuna ushauri unaozunguka kwamba GL-5 hula shaba ya sinkronaiza na kwamba utie GL-4. Kwa magari mengine ni ushauri wa maana. Kwa giaboksi ya Impreza ya gia 5 ni hatari, kwa sababu difu ya mbele imo ndani ya giaboksi hiyo hiyo na inaoga oili ile ile, na meno ya difu yanahitaji kinga ya GL-5. Kitabu cha gari kinasema 75W-90 ya GL-5, lita 3.5 hivi. Oili iliyoisha nguvu peke yake inatosha kuifanya gia ya pili ikwaruze asubuhi.

Sinkronaiza hufanya kama mtu anayedandia matatu inayotembea: lazima akimbie kwanza mwendo wa gari, ndipo akamate mlango. Katika toleo moja la gia 5 za Impreza WRX, ya pili ina uwiano wa 1.947 na ya tatu 1.366. Ukishuka kutoka ya tatu hadi ya pili injini ikiwa mizunguko 4,000, upande wa klachi lazima ufike 5,700 kabla gia haijaingia, na kama hukupiga mafuta kidogo kusaidia, pete ya shaba ya sinkronaiza inafanya kazi yote peke yake kwa msuguano. Anayeshuka vilima vya Kilungu hadi barabara kuu kwa staili hiyo kila siku anaila gia yake ya pili. Wenzo mfupi humzidishia, kwa kuwa unamhimiza aharakishe pale ambapo pete inahitaji muda.

Ikiwa umefanya yote haya na gia moja tu bado inakwaruza, giaboksi itafunguliwa. Ganda la Subaru hii hupasuliwa katikati kwa urefu, kwa hiyo kuifikia pete moja ni kufungua kila kitu. Gharama kubwa ni ya kuishusha na kuifungua, ndiyo maana fundi anayejua kazi atakushauri ununue pete zote, na beringi, kabla hajaanza kulegeza nati ya kwanza.