Halimo, Si Kwamba Halipo

Mtu wa Mombasa anayekwenda Ruiru hana budi kujitayarisha kwa mambo mawili: baridi ya asubuhi, na Kiswahili cha wenyeji. Basi nilichukua koti, nikachukua na subira. Nilikuwa nakwenda kumtazama binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili mjini Thika lakini makazi yake yako Ruiru. Kila siku hupanda matatu, akapita Juja, akafika kazini.

Nilimkuta mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na miwili, amenuna. Shuleni kwake, ambako jina lake silitaji, aliandika insha akasema kwamba alishika ndia akaenda kwa nyanyake. Mwalimu akalizungushia neno hilo wino mwekundu, na pembeni akaandika: "Hakuna neno kama hili."

Hakuna! Neno alilolitamka mama yangu maisha yake yote, neno la Mvita na Lamu, ambalo bila ya hilo tungo nyingi za wahenga wetu hazisomeki! Nilitaka kesho yake asubuhi niende mwenyewe kwa huyo mwalimu.

"Ngoja kwanza, mjomba," akasema mpwa wangu. "Hebu tulitafute." Akafungua kompyuta.

Ndani yake alikuwa amekusanya maandishi mengi: kurasa za magazeti, na insha za wanafunzi wa Thika alizozichapa mwenyewe usiku baada ya usiku. Mkusanyo kama huo wataalamu huuita kopasi. Ukiandika neno moja, kompyuta hukuletea kila mahali lilipotumika, mstari juu ya mstari, neno lenyewe likiwa katikati na majirani zake kulia na kushoto.

Mimi jambo hilo halikunishangaza sana. Wengi wetu tumeona katika rafu za masheikh wetu kile kitabu cha Muhammad Fuad Abdul Baqi wa Misri, aliyefariki 1968, Al-Muujam al-Mufahras, ambacho kinapanga maneno ya Kurani kwa mizizi yake na kuonyesha kila neno liko katika aya gani na sura gani. Ukikumbuka neno moja tu, aya utaipata. Mpwa wangu akacheka, akasema kazi ni hiyo hiyo, ila yeye hana umri wa kuifanya kwa mkono.

Tena Kiswahili kina ugumu wake. Neno letu halitembei peke yake. "Piga" limejificha ndani ya "hawatapigiwa" na ndani ya "tulipopigana", na mashine isiyofundishwa itadhani kwamba hayo ni maneno matatu yasiyojuana. Mtu aliyeishughulikia sana kazi ya kuifundisha ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ambaye alianza mwaka 1985 na programu yake ikaitwa SALAMA. (Mwaka huo huo, hapo Ruiru, watafiti wa kahawa walitoa mbegu yao ya Ruiru 11, ambayo haikutoka katika mti mmoja bali kwa kuchanganya aina nyingi. Jambo hili nitalirudia.) Mkusanyo wa Helsinki wenyewe, katika toleo lake la pili la 2016, una maneno yapatayo milioni 25.

Basi mpwa wangu akaandika "ndia" katika mkusanyo wake. Jibu: sifuri.

"Kwa hiyo yule mwalimu amesema kweli?" nikauliza kwa uchungu.

"La, mjomba. Kompyuta haikusema neno halipo. Imesema halimo."

Hapo nilinyamaza, kwani Mswahili hahitaji kufafanuliwa tofauti ya maneno hayo mawili. Mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mjini kwetu Mombasa, mwaka 1928. Tangu hapo vitabu vya shule na magazeti yameandikwa kwa njia hiyo, na anayekusanya magazeti atavuna kilichopandwa. Mkusanyo wa Helsinki umejaa magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge la Tanzania. Kweli, kuanzia 1988 Helsinki na Dar es Salaam walirekodi lahaja, lakini upande wa Tanzania. Hapa Kenya, mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene ulikusanya Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya, maneno milioni 5.6 pamoja na saa 177 za sauti. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Kimvita na Kiamu havikupewa fungu lao. Wenye kahawa walitafuta mbegu kila upande. Wenye maneno bado hawajafika Kibokoni. Na simu zinazotusahihisha tahajia zinafundishwa kwa mikusanyo ya namna hii.

Nikaanza kulalamika juu ya watu wa bara na "kitabu yangu" yao. Mpwa wangu akanionyesha mistari ya insha za Thika: panapotajwa mtu, watoto wanapatanisha vizuri, "mtoto wangu", "watoto wetu"; wanapotea wakifika kwenye vitu. Sasa anajua pa kufundisha. Kisha, kwa adabu zote, akanisikilizisha ujumbe wa sauti niliompelekea mwezi uliopita. Nilisikika nikisema waziwazi: "Gari yangu imeharibika."

Sikuwa na la kujibu.

Usiku ule tulimpigia dada yangu simu Mombasa, tukamwomba ruhusa ya kumrekodi. Akauliza azungumze nini. Nikamwambia chochote. Alizungumza karibu nusu saa.

"Babu," akauliza mjukuu wangu, "kwenye mtihani niandike lipi?"

"Andika njia," nikamwambia. Alinitazama kama aliyesalitiwa.

Mama yake alichapa maneno ya dada yangu mpaka usiku wa manane, bila kunyoosha hata moja, kisha akalitafuta neno letu upya. Safari hii ilikuja mistari minne, na katika mmojawapo dada yangu anateta kwamba ndia ya Marikiti imejaa maji machafu.