Nyumba ya kupangisha na hesabu zake

Jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi za kupangisha hujengwa kwa akiba, tofali kwa tofali, kwa sababu mkopo wa nyumba hudai hati miliki, mapato yanayothibitika na riba ya miaka mingi. Kujenga polepole hakuna riba, lakini si bure: fedha iliyolala kwenye msingi haimwingizii mwenyewe chochote.

Mwenye nyumba hupenda kulipwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Fedha hiyo hudanganya, huonekana nyingi siku ya kwanza. Anayelipa marejesho ya mkopo kila mwezi hana budi kuigawa, atenge ya matengenezo na ya miezi ambayo chumba kitakaa kitupu.

Mpangaji akiwa kampuni, hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa kulipia kabla (LUKU). Hivyo mpangaji hujikuta akiilipa ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Mkataba wa maandishi ueleze mpangaji atafidiwaje, pamoja na nani anatengeneza nini na notisi ni ya muda gani.