Kamba Wadogo wa Baharini: Nipe Nikupe

Mpenzi msomaji, ukisikia neno "kamba" huenda akili yako ikakimbilia ile ya kufungia mbuzi, ama wale wanaokaangwa mahotelini kule Mombasa. Leo sizungumzii hao. Nataka tuwatazame kamba wadogo wa baharini, wengine wafupi kuliko kidole cha mwisho, wanaoishi pamoja na viumbe wa aina nyingine. Maisha ya namna hii wataalamu huyaita simbiosi.

Hebu jiulize: mnyama mdogo hivi, laini, ambaye karibu kila samaki angependa kumla, anaishije baharini? Jawabu ni kwamba amepata mshirika.

Wa kwanza ni kamba bastola. Huyu ana gando moja kubwa ambalo akilifunga kwa ghafla hutoa mlio kama wa risasi. Ni fundi wa kuchimba. Kutwa nzima anazoa mchanga na kuutoa shimoni. Shida yake ni moja tu: haoni vizuri. Basi shimo lile hukaa naye samaki mdogo mwenye macho makali, lakini asiyejua kuchimba. Samaki husimama mlangoni kama askari gongo. Kamba akitoka, huweka kipapasio kimoja, yaani ule unywele mrefu wa kichwani, juu ya mwili wa samaki. Adui akionekana, samaki hutikisa mkia na kamba hurudi ndani mbio. Hatari ikizidi, samaki naye hujitosa humo humo. Mmoja ametoa nyumba, mwingine ametoa macho. Kweli wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa pili ni kamba msafishaji. Ana rangi nyekundu mgongoni, na katikati umepita mstari mweupe. Hukaa penye matumbawe na kupunga vipapasio vyake vyeupe, kana kwamba anaita wateja. Samaki wenye wadudu wanaonyonya damu huja na kutulia. Hata mkunga, ambaye meno yake yanatisha, hufungua kinywa, na kamba huingia ndani ati bila wasiwasi! Humo hula wadudu na ngozi iliyokufa. Mbona hamezwi? Kwa sababu akimezwa leo, kesho mkunga atajikuna peke yake. Kamba hupata chakula, samaki hupata afya.

Wa tatu ni kamba mfalme, ambaye urefu wake ni kama sentimita 2. Kama wafalme wengine, yeye hapendi kutembea kwa miguu. Hupanda juu ya jongoo bahari na kubebwa kama abiria wa matatu asiyelipa nauli. Jongoo akitembea juu ya mchanga, kamba huokota vyakula vidogo vidogo njiani. Yeye anafaidika, na jongoo haonekani kupata hasara. Kwa hivyo si kila simbiosi ni ya kunufaishana sawa kwa sawa.

Sasa, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Jongoo bahari huvuliwa katika pwani yetu na kuuzwa nchi za mashariki ya Asia. Anayemwondoa jongoo huona mnyama mmoja tu kikapuni, kumbe amebomoa na nyumba ya mwingine. Vile vile mwaka 1998 maji ya Bahari Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya yakapauka na kufa. Matumbawe yakifa, msafishaji hukosa mahali pa kufungulia duka lake, na wagonjwa wake hukosa daktari.

Ndugu msomaji, tukisoma Ekolojia darasani tusidhani ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mizani ya bahari hushikwa pia na wadogo tusiowaona. Anayetaka kuhifadhi bahari asihesabu nyangumi na kasa peke yao. Ainame kidogo, atazame shimo mchangani na mgongo wa jongoo. Huenda kuna mtu kwake.