Kontena Hufika Lini? Picha ya Kichwani Mwa Meneja (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimtaja Kenneth Craik, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeandika mwaka 1943 kwamba binadamu hubeba kichwani mfano mdogo wa ulimwengu, akautumia kukisia yatakayotokea. Leo tuutazame mfano huo kichwani mwa meneja. Tusiende mbali, tushuke bandari ya Kilindini, Mombasa.

Reli ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na mizigo mwaka uliofuata. Ilijengwa kwa mkopo wa Uchina, na Mamlaka ya Bandari ikaahidi kuipa shehena ya kutosha. Basi hesabu ya wakubwa ikawa moja: treni ijae. Kontena likitoka Kilindini likashushwa Embakasi, Nairobi, limefika.

Kwa mwenye mali, kontena halijafika mpaka lifunguliwe mlangoni mwa godauni lake. Lori lilikuwa likilitoa bandarini moja kwa moja hadi hapo. Kwa treni lashushwa Embakasi, lasubiri karatasi za forodha, kisha latafutiwa lori jingine, na ada ya kuhifadhi yapanda kila kukicha. Idadi ya treni zilizoondoka haionyeshi hata kimoja katika hayo.

Mwaka 2018 Embakasi ilifurika makontena. Je, wakubwa walijifunza? Chris Argyris wa Harvard alitenganisha kujifunza kwa namna mbili: kurekebisha kazi huku dhana ikibaki ile ile, au kuihoji dhana yenyewe. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara yote ipande treni. Hata kuiita namna ya kwanza, naona ni kuisifu mno!

Madereva, makuli, mawakala wa forodha na wenye yadi za Shimanzi walijua kontena hukwama wapi. Waliandamana. Lakini ni rahisi kwa mkubwa kumwona anayeandamana kuwa analilia tumbo lake tu. Picha ya kichwani haizuii habari kuingia. Huibandika jina kabla haijasikilizwa.

Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha amri hiyo. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza utoaji wa mizigo urudi Mombasa. Mahakama ilihukumu na mwanasiasa akatimiza ahadi ya kampeni. Hesabu ya kujaza treni haikuhojiwa na walioipanga. Kwangu mimi, huko si kujifunza.

Wiki ijayo tutapanga foleni ya feri ya Likoni.