Sofa: neno lililosafiri mbali kabla ya kuingia sebuleni

Msomaji, ukibisha hodi katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa au Kisumu, utakaribishwa kwanza kiti, kisha chai. "Karibu, keti," mwenyeji atakwambia huku akikuelekeza kwenye sofa iliyotandikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mwanafunzi huliandika neno hilo katika insha, na mzazi hulitamka mbele ya seremala, kila mmoja akiamini kwamba maana yake ni wazi. Lakini je, ni wazi kweli? Sofa ni nini, na ina tofauti gani na kochi, "settee" au "divan"? Hebu tulifuate neno hili hadi lilikotoka, maana safari yake ina mafunzo kwa mfuko wako na kwa nyumba yako.

LILITOKA UARABUNI

Waingereza walilipokea neno "sofa" katika miaka ya 1620. Lilitoka kwa Waturuki, nao Waturuki walilipata katika neno la Kiarabu, suffa. Siku hizo sofa haikuwa kiti chenye miguu. Ilikuwa ni sehemu ya sakafu iliyoinuliwa kidogo, ikatandikwa mazulia na mito ili watu waketi pamoja. Ilipita takriban karne nzima kabla ya Waingereza kuanza kulitumia kwa maana tunayoijua leo: kiti kirefu chenye egemeo na mikono, kilichojazwa ndani kitu laini na kuvikwa kitambaa au ngozi.

Wasomaji walio Waislamu watalikumbuka neno suffa katika historia ya Madina. Hapo ndipo mahali penye kivuli katika msikiti wa Mtume, ambapo maskini na wahamiaji wasio na makao walipata hifadhi. Watu hao waliitwa Ahlus-Suffa, na mmoja wao ni Abu Huraira, ambaye hadithi nyingi za Mtume zimepokewa kutoka kwake. Kwa hivyo, neno ambalo leo hutumiwa kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba lilikuwa zamani jina la mahali pa kumsitiri asiye na kitu.

DIVAN, DIWANI NA BARAZA

Neno la Kiingereza "divan" lina safari ya ajabu zaidi. Asili yake ni Uajemi, ambako diwan ilikuwa daftari la kuandikia hesabu za serikali na majina ya askari. Kutoka kwenye daftari, neno likahamia kwenye ofisi. Kutoka kwenye ofisi, likahamia kwenye baraza la wakuu wa dola ya Waturuki. Na kwa kuwa wakuu hao waliketi juu ya viti virefu vyenye mito vilivyopangwa kando ya kuta, kiti chenyewe kikaitwa "divan".

Mwanafunzi wa Kiswahili atagundua kwamba neno hili anatumia kila siku. Mkusanyiko wa mashairi tunauita diwani. Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir, kilichotolewa mwaka wa 1971, kiliitwa pia Diwani ya Ustadh Bhalo. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, wajumbe wa mabaraza ya miji na wilaya waliitwa madiwani. Mshairi, mwanasiasa na kiti cha sebuleni wote wanakunywa maji ya kisima kimoja!

Neno letu baraza lilisafiri kwa njia iyo hiyo, ila kinyume. Katika miji ya kale ya pwani kama Lamu, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, kando ya mlango. Wanaume huketi hapo jioni, wakazungumza, wakacheza bao, na mpita njia akasalimiwa hata kama hajulikani. Kutoka kwenye kiti hicho tukapata baraza la chifu, baraza la wazee na hata Baraza la Mawaziri. Waajemi walianza na serikali wakafika kwenye kiti, sisi tukaanza na kiti tukafika kwenye serikali. Hilo linatuonyesha kwamba watu wanapoketi pamoja, mazungumzo hayako mbali.

NDUGU WENGINE WA SOFA

Kiingereza hakikuridhika na jina moja. "Couch" lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa, coucher, yaani kulala au kulaza. Ndiyo sababu daktari Sigmund Freud aliwalaza wagonjwa wake juu ya "couch" aliposikiliza shida zao. Kiti hicho kingali kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake jijini London. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililifanya kochi. Tunasema kochi hili, makochi haya, lakini sofa hii, sofa hizi. Na usichanganye kochi na kocha wa timu. Kocha ametoka katika neno jingine, "coach", lililokuwa jina la gari la kukokotwa na farasi, na ambalo asili yake ni kijiji cha Kocs nchini Hungaria.

"Settee" aghalabu ni kiti kidogo kuliko sofa, na egemeo lake limesimama wima zaidi. Hata hivyo, Waingereza wengi hutumia maneno hayo mawili kwa maana moja. Wapo wanaompima mtu tabaka lake kwa kusikiliza analochagua: asemaye "sofa" huhesabiwa wa tabaka la juu, na asemaye "settee" huwekwa chini yake.

"Ottoman" ni kiti kisicho na egemeo wala mikono, ambacho wengine hukitumia kuwekea miguu. Jina lake ni la ile dola ya Waturuki iliyoanzishwa na Osman. "Chesterfield" kwa Waingereza ni sofa yenye vifungo vilivyozama ndani ya ngozi, mikono yake ikiwa na kimo sawa na egemeo. Lakini kwa Wakanada wa zamani, sofa yoyote ile iliitwa hivyo. Nalo neno "davenport" Mmarekani alilitumia kwa sofa kubwa, ilhali kwa Mwingereza ni meza ndogo ya kuandikia. Hata "divan" katika maduka ya Uingereza siku hizi ni kitanda. Basi mwanafunzi, unapokutana na maneno haya vitabuni, tazama kwanza mwandishi ni wa nchi gani kabla ya kukimbilia kamusi.

UNAPOKWENDA KWA FUNDI

Hapa ndipo maana ya neno inapogusa mfuko. Wengi wetu hatununui sofa dukani. Tunamwendea fundi Gikomba au kando ya barabara mtaani, tunalipa arubuni, tunasubiri. Ukimwambia, "Nitengenezee sofa ya saba," jihadhari. Saba hiyo ni idadi ya watu, wala si ya viti. Seti ya watu saba kwa kawaida ina vipande vinne: kimoja cha watu watatu, kimoja cha wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja. Ile ya watu watano huwa na kimoja cha watatu na viwili vya mtu mmoja mmoja. Anayetarajia viti saba vishushwe kwenye mkokoteni atagombana na fundi bure, na huenda fundi hana kosa.

Kwa hivyo andikeni mapatano. Taja idadi ya vipande, urefu wa kila kimoja, aina ya mbao, kitambaa, na siku ya kuchukua. Pima mlango na ngazi zako kabla ya kulipa, kwa maana sofa nyingi zimekwama kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Omba kuiona fremu kabla haijavikwa kitambaa, kwani kitambaa kizuri huficha mbao mbichi na misumari michache. Mbao ambazo hazijakauka hupinda na kulegea baadaye. Sponji nayo uishike mkononi: iliyo nzito hudumu kuliko nyepesi yenye unene ule ule. Ile nyepesi mno ukiikalia unahisi mbao chini yake, hata ikiwa mpya.

NI YA NANI?

Lipo jambo moja ambalo seremala hawezi kukutengenezea. Katika nyumba nyingi za mjini, sofa ndiyo samani iliyogharimu zaidi, na ndiyo inayotumiwa kwa hofu zaidi. Watoto huambiwa waketi kwenye zulia wasije wakaichafua. Vitambaa hufuliwa na kupangwa upya wakisubiriwa wageni ambao huenda wasije mwezi mzima. Nao wenye nyumba wakiketi, viti vyote vimeelekezwa kwenye televisheni, hata mume na mke hawaonani uso.

Kumfundisha mtoto kutunza mali ni jambo jema, na hakuna mzazi atakayelaumiwa kwa kumkataza kuruka juu ya kiti kilicholipiwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Lakini mtoto anayekatazwa kuketi kwao hujifunza pia kwamba mgeni ana thamani kuliko yeye. Mfundishe kunawa miguu, kisha mpe nafasi aketi.

Tena, jaribu jioni moja kuvigeuza viti viwili vielekeane. Suffa ilikuwa ya wasio na makao, diwani ilikuwa ya mashauri, na baraza ni ya jirani na mpita njia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi sofa yako na impokee mgeni akija, lakini asipokuja, wenyeji wasibaki sakafuni wakimngoja.