Boksi moja, watu watano: hesabu ya jinsi mchezo wa Dungeons & Dragons ulivyoenea

Januari 1974, kampuni changa iitwayo Tactical Studies Rules, katika mji mdogo wa Lake Geneva jimboni Wisconsin, Marekani, ilitoa nakala 1,000 za mchezo usio na ubao wala kete. Ndani ya boksi mlikuwa na vijitabu vitatu vya kanuni, bei dola 10. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtaji ulipatikana kwa kuungaunga: Brian Blume aliingia ubia kwa dola 2,000, na maboksi yakapangwa kwa mikono.

Nakala hizo zilichukua karibu mwaka mzima kuisha. Ni karibu tatu kwa siku, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 200. Mwenye duka angesema bidhaa imedoda. Lakini 1,000 za pili, zilizochapwa mapema 1975, ziliisha kwa miezi michache tu, na toleo la tatu likawa la nakala 2,000.

Siri iko katika uchezaji wenyewe. Mmoja huendesha mchezo: anasimulia pango, mlango uliofungwa, zimwi linalosubiri nyuma yake. Kila mchezaji ana mhusika wake, anasema atafanya nini, na dadu ndizo zinazoamua kama atafaulu. Boksi moja latosha kundi zima. Tuchukue meza ya watu watano. Vijitabu dola 10, seti ya dadu iliyouzwa kando dola 3.50, jumla 13.50. Kima cha chini cha mshahara kilipanda mwaka huo hadi dola 2 kwa saa, kwa hiyo kijana wa kibarua akinunua peke yake alilipa jasho la karibu saa saba. Wakichanga watano, kila mmoja anatoa dola 2.70, na mchezo hauishi.

Ndiyo maana mauzo ni kipimo kibovu hapa. Nakala 4,000, kwa meza za watano watano, ni watu 20,000, na muuzaji anawaona 4,000 tu. Halafu kuna waliotoa fotokopi, ambao hawamo kwenye daftari lolote. Kampuni ilipoteza dola zao, lakini kwa maoni yangu ilipata wapiga debe wasiolipwa, kwa sababu vijitabu vile vilikuwa vigumu mno kuelewa. Viliandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita ya vinyago. Wengi waliujua mchezo huu kama watu wanavyojifunza bao: unakaa pembeni ya wanaojua, unauliza, kesho unapewa nafasi.

Ugumu huo ulizaa hata mpinzani. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, alisoma kanuni, akapenda wazo, akachoshwa na maelezo. Mwaka 1975 akaandika Tunnels & Trolls, unaotumia dadu za kawaida za pande sita, akaanza na nakala 100.

Ng'ambo ya Atlantiki mwanzo ulikuwa mdogo zaidi. Vijana wa London waliokuwa wameanzisha Games Workshop, wakiwamo Ian Livingstone na Steve Jackson, waliagiza nakala sita. Sita! Kwa oda hiyo wakapata haki ya kuusambaza Ulaya peke yao kwa miaka mitatu.

Mwaka 1979 hesabu zilivurugika. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alitoweka, magazeti yakaunyoshea mchezo kidole, na badala ya kuogopa, watu wakaenda kuutafuta. Dadu za pande nyingi ziliadimika kiasi kwamba baadhi ya maboksi yalitoka na vipande vya karatasi vyenye namba, vya kukata na kuchomoa kikombeni. Kufikia 1982 mauzo ya kampuni yalikuwa yamevuka dola milioni 20 kwa mwaka.

Leo kanuni za msingi hupatikana bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 sehemu yake kubwa imetolewa kwa leseni huria. Gharama iliyobaki ni muda. Watu watano wakicheza saa nne ni saa 20 za watu kwa kikao kimoja, na hapo hatujahesabu usiku ambao mwendesha mchezo aliutumia kuandaa pango lake.